Paa, Dari na Mita ya Umeme: Namna Nyumba za Zamani za Kigali Zinavyoweza Kutengenezwa Upya

Mji wa Kigali umekaa juu ya vilima vilivyo katika kimo cha mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, kusini kidogo ya mstari wa Ikweta. Kwa sababu ya kimo hicho, mji huo haulijui joto la Dar es Salaam wala la Mombasa. Mchana kipimo aghalabu hufika nyuzi 26 au 28 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi 15 au 16. Mtu angedhani basi kwamba katika mji wa namna hiyo hakuna nyumba ya kumtoa mtu jasho. Lakini aingiaye saa nane ya mchana katika chumba cha mabati matupu kisicho na dari, huko Kimisagara au Gatsata, hatakaa sana. Na mtoto alalaye katika chumba hicho hicho, ifikapo saa kumi ya usiku, atakuwa amejikunyata kwa baridi. Hali ya hewa ya Kigali haina kosa. Kosa liko katika jengo.

Jambo hilo lingekuwa dogo kama nyumba za namna hiyo zingekuwa chache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi kidogo ya milioni 1.1 katika Jiji la Kigali. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 1,745,555. Watu wote hao wamepata mahali pa kulala, na wengi wao wamepapata chini ya bati. Serikali ya Rwanda, kwa upande wake, ilitoa mwaka 2019 kanuni mpya za ujenzi, na ndani yake ukawekwa utaratibu wa majengo yanayojali mazingira: namna ya kuelekeza jengo, kulikinga na jua, kuliingizia mwanga na hewa, kubana maji na umeme. Utaratibu huo ni mzuri, walakini umeyalenga hasa majengo makubwa mapya, kama vile maofisi, hospitali na majumba ya biashara. Familia inayokaa katika nyumba iliyojengwa miaka thelathini iliyopita haipati nafuu kwa kanuni ya jengo litakalojengwa mwaka ujao. Nafuu yake imo katika kuirekebisha nyumba iliyopo.

Marekebisho hayo hayana budi kuanzia juu, kwa maana hapo ndipo jua la Ikweta linapopiga. Zamani Mnyarwanda aliezeka kwa nyasi, na nyumba ya nyasi ilikuwa na hewa ya baridi mchana na vuguvugu usiku. Hata hivyo ilivuja, ilishika moto, ilihifadhi wadudu, na ilikuwa alama ya umaskini. Katika kampeni ya kitaifa ya kuondoa nyumba za nyakatsi, kama zinavyoitwa huko, iliyofikia kilele chake mwaka 2011, familia nyingi zilihamia chini ya mabati, na wanajeshi na polisi walikuwa miongoni mwa waliotoa nguvu zao kuzijenga nyumba hizo. Hakuna mwenye akili atakayetaka nyakatsi irudi. Lakini bati lilipokuja kuchukua nafasi ya nyasi, lilichukua kazi moja tu ya paa, yaani kuzuia mvua. Kazi ya pili, ile ya kuzuia joto, haikupata mrithi.

Hali kadhalika imetokea kwa paa za asbesto. Vigae hivyo viliezekwa kwa wingi juu ya shule, zahanati, maofisi na nyumba za watumishi katika miaka ambayo madhara yake yalikuwa hayajazingatiwa. Vumbi lake likivutwa huingia mapafuni na kukaa humo, na baada ya miaka mingi huleta kansa na maradhi ya kifua yasiyo na tiba. Tangu mwaka 2011 mamlaka ya nyumba ya Rwanda imekuwa ikiendesha mradi wa kuyaondoa mapaa hayo, ambayo eneo lake nchini kote lilikadiriwa kuwa mita za mraba milioni 1.7 hivi. Kazi hiyo si ya mwenye nyumba na nyundo yake. Vigae hulowanishwa kwanza, huteremshwa vikiwa vizima na watu waliofunzwa na kuvaa barakoa maalumu, kisha huzikwa mahali palipotengwa. Anayevivunja mwenyewe ili aokoe fedha ya fundi huwatia hatarini watoto wake na wa jirani. Ila linalopasa kukumbukwa ni kwamba asbesto, pamoja na ubaya wake wote, ilizuia joto kuliko bati tupu. Atakayeiondoa na kuweka bati peke yake, bila dari, atapata nyumba salama lakini yenye joto zaidi. Siku paa linapokuwa wazi ndiyo siku ya kuweka dari. Kungoja mwaka mwingine ni kumlipa fundi mara mbili.

Inafaa kueleza kidogo jinsi paa linavyofanya kazi. Jua la saa sita mchana, mbingu zikiwa wazi, humwaga takriban kilowati 1 ya nguvu juu ya kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 40, ambalo ni la nyumba ya kawaida ya vyumba viwili au vitatu, linapokea kilowati 40. Ni kana kwamba majiko 20 ya umeme, kila moja la kilowati 2, yamewashwa juu ya vichwa vya watu waliomo. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo angani. Bati lililoshika kutu huimeza, likafikia nyuzi 60 na kuzidi, kisha likaanza kuitoa joto kwa ndani. Wakaao chini yake huona hewa ya chumbani kuwa nzito, na kufungua dirisha hakusaidii sana, kwa kuwa joto hilo haliletwi na hewa. Linashuka moja kwa moja kutoka kwenye bati, kama joto la makaa linavyompata mtu aliyekaa mbali na jiko. Usiku mambo hugeuka: bati jembamba hupoa upesi chini ya mbingu zisizo na mawingu, na joto lote la chumba hukimbilia huko.

Dari ndilo linalokata njia hiyo, mchana na usiku. Si lazima liwe la gharama. Mbao nyembamba za plaiwudi hufaa, na mikeka ya mafunjo, ambayo mafundi wa Rwanda wameizoea tangu zamani, hufaa vilevile. Mafunjo yana hewa nyingi ndani ya mabua yake, na hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha joto. Lililo muhimu ni nafasi iliyo kati ya dari na bati. Nafasi hiyo isizibwe. Kila upande wa ncha ya paa litobolewe tundu, ili upepo uingie huku na kutokea kule ukiibeba hewa ya moto, na matundu hayo yawekwe wavu wa chuma kuwazuia popo na panya. Nyaya za umeme zipitazo juu ya mikeka zitiwe ndani ya mabomba ya plastiki, maana waya uliochunika juu ya mafunjo makavu ni kiberiti kinachosubiri siku yake. Faida nyingine ya dari huonekana msimu wa mvua kubwa, kuanzia Machi hadi Mei. Chini ya bati tupu mvua hiyo humfanya mtoto anayesoma asimsikie hata mama yake aliye upande wa pili wa meza.

Baada ya dari, au badala yake pale ambapo fedha ni haba, ipo rangi. Paa la kutu likipigwa brashi ya chuma na kupakwa rangi nyeupe ya mabati hurudisha sehemu kubwa ya jua. Chokaa ni rahisi zaidi, lakini juu ya bati haidumu. Mvua mbili tatu zikipita huwa imekwisha.

Kuta ni habari nyingine. Nyumba nyingi za Nyamirambo, Biryogo na mitaa mingine mikongwe zimejengwa kwa matofali mabichi ya udongo yanayoitwa rukarakara. Watu wengi huyadharau na kuyahesabu kuwa dhiki. Dharau hiyo haina msingi. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto mchana polepole na kulitoa usiku polepole, na katika mji ambao mchana na usiku hutofautiana kwa nyuzi 10 au zaidi, huko ndiko kazi ya ukuta iliko. Serikali yenyewe, baada ya miaka ya kusitasita, iliweka masharti ya kuyatumia matofali hayo kihalali katika ujenzi wa nyumba za kukaa. Adui wa rukarakara ni maji. Kwa hiyo afadhali mwenye nyumba atumie fedha yake kurefusha ukingo wa paa, kujenga msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi, na kuchimba mfereji wa kuyaongoza maji ya mteremko, kuliko kuubomoa ukuta ili ajenge wa saruji ulio mwembamba. Lipu ya saruji tupu juu ya udongo hubanduka kama gamba, kwa kuwa vitu hivyo viwili havitanuki pamoja. Udongo uliochanganywa na chokaa hushikana vizuri zaidi. Na ukingo uliorefushwa ufungwe barabara kwenye kenchi kwa vyuma, kwa maana dhoruba za Kigali hupenda kushika paa mahali palipochomoza.

Ukingo huo mrefu una kazi nyingine ambayo hufahamika kwa kulitazama jua. Mjini Kigali jua hupita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba. Mwezi Juni huegemea kaskazini kiasi, na mwezi Desemba kusini kiasi. Kwa sababu hiyo kuta za kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na ukingo wa kawaida. Kuta za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini, asubuhi na jioni, ambalo hakuna ukingo unaolizuia. Hapo ndipo pa kujenga baraza, au kutundika pazia la mafunjo kwa nje, au kupanda mti. Pazia la ndani ni pambo tu, kwani jua lililokwisha kupita kioo limekwisha kuingia nyumbani.

Somo hilo wamelipata kwa gharama kubwa zaidi wenye majumba ya vioo katikati ya mji. Jumba lililofunikwa kioo upande wa magharibi huwa tanuri kila alasiri, na mwenyewe hukimbilia viyoyozi katika mji ambao, kwa majaliwa, usingevihitaji sana. Kwa bahati jina la Kigali limefungamana na jambo hilo duniani kote. Tarehe 15 Oktoba 2016 nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal, zilizokutana katika mji huo, zilipitisha rekebisho linaloitwa Rekebisho la Kigali, la kupunguza hatua kwa hatua gesi za hidrofluorokaboni zitumikazo katika viyoyozi na mafriji. Gesi hizo, zikivuja, huchochea joto la dunia mamia na hata maelfu ya mara kuliko kiasi hicho hicho cha hewa ya ukaa, na ilikadiriwa kwamba kuzipunguza kungeepusha karibu nusu nyuzi ya ongezeko la joto kufikia mwisho wa karne. Rekebisho lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2019, na mwaka huo huo Rwanda ikatoa mkakati wake wa taifa kuhusu upoozaji. Mkakati wowote wa viyoyozi lakini huwa mwepesi zaidi pale ambapo jengo limekingwa jua kwanza.

Wenzetu wa nchi za baridi walianza shughuli ya kurekebisha majengo mapema. Bei ya mafuta ilipopanda ghafula mwaka 1973, Ufaransa iliweka mwaka uliofuata kanuni zake za kwanza za kuhifadhi joto katika nyumba mpya, na serikali nyingi za Ulaya zikawahimiza raia kuziba nyufa na kujaza pamba ya madini darini. Huko New York, jumba la Empire State lililofunguliwa mwaka 1931 halikubomolewa lilipoonekana kula umeme mwingi. Madirisha yake 6,514 yaliteremshwa, yakatengenezwa upya ndani ya jumba hilo hilo na kurudishwa mahali pake.

Hata hivyo mafundisho ya Ulaya yasichukuliwe kama yalivyo. Ulaya huziba kila tundu kwa sababu huilipia hewa ya moto. Kigali haina haja hiyo, na kuziba kila tundu huko kunaweza kuua. Usiku wa baridi zipo familia ambazo huingiza chumbani jiko la makaa, yaani imbabura, ili watoto wapate joto. Makaa yanayofifia hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, na walalao hawaamki. Nyumba yenye matundu ya hewa juu ya madirisha humwokoa mtu mara nyingine bila yeye kujua. Nyumba iliyozibwa haimpi nafasi hiyo. Jiko la makaa lisilale ndani ya nyumba hata mara moja, liwe linawaka au limefunikwa jivu. Matundu ya hewa yaachwe wazi, yawekwe wavu wa mbu, na kazi ya kuhifadhi joto la usiku waachiwe dari na ukuta mnene.

Sasa na tuufikie umeme wenyewe. Wakaazi wa Kigali waliokuwa watu wazima mwaka 2004 hawajasahau. Mvua zilipungua, maji ya maziwa Burera na Ruhondo yakashuka, na vituo vya Ntaruka na Mukungwa vilivyoyategemea vikashindwa kutoa nguvu iliyozoeleka. Mji ukagawiwa umeme kwa zamu, majenereta ya dizeli yakakodiwa, na bei ya uniti ikapanda zaidi ya mara mbili katika muda mfupi. Shirika la Electrogaz la wakati huo lilianza mwaka 2007 kuwagawia wateja globu za kubana umeme ili wazirudishe zile za waya unaowaka. Tangu wakati huo vituo vipya vimejengwa, na gesi ya Ziwa Kivu inazalisha umeme. Lakini kila uniti bado ina bei yake, na mita ya kulipa kabla, ambayo wenyeji huiita kashi pawa, haina subira na mtu.

Bei hiyo imepangwa kwa ngazi, na hapo ndipo penye hesabu ya nyumbani. Kwa bei zilizotangazwa Januari 2020, bila kodi ya ongezeko la thamani, uniti 15 za kwanza za mwezi zililipiwa faranga 89 kila moja. Kutoka 15 hadi 50 faranga 212. Na zaidi ya 50 faranga 249. Bei hupitiwa upya mara kwa mara, basi msomaji atazame za siku yake. Mfano ni wa nyumba yenye globu tano za wati 60 ziwakazo saa nne kila usiku. Kwa mwezi hula uniti 36, ambazo kwa bei hizo ni faranga 5,787. Zikibadilishwa na globu za ledi za wati 9 zenye mwanga ule ule, hula uniti 5.4 tu, yaani faranga 481. Mwenye nyumba hakupunguza uniti peke yake. Ameteremka ngazi, na kila uniti iliyobaki imekuwa rahisi.

Kinyume cha hayo ni maji ya moto. Kupasha lita 100 za maji kwa nyuzi 30 huhitaji uniti 3.5 hivi. Familia inayofanya hivyo kila siku kwa umeme hutumia uniti 105 kwa mwezi, na ikiwa matumizi yake mengine yamekwisha kupita 50, zote huangukia ngazi ya juu: faranga 26,145. Tangi la kupasha maji kwa jua, lililowekwa juu ya paa lile lile lililokuwa likitesa, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bila mita. Serikali ya Rwanda ilianzisha mpango wa SolaRwanda wa kuwasaidia wenye nyumba kwa ruzuku na mikopo, ukilenga mitambo 12,000. Tahadhari ni moja: tangi lenye maji ya lita 200 lina uzito wa kilo 200 kabla ya kuhesabu chuma chake, na kenchi dhaifu ya nyumba ya zamani lazima iimarishwe kwanza.

Linabaki swali gumu kuliko yote ya ufundi, nalo ni nani alipe. Wapangaji mjini Kigali ni wengi. Mpangaji ndiye anayeumwa na joto na kulipa umeme, na mwenye nyumba ndiye mwenye paa. Wa kwanza haoni sababu ya kutengeneza mali ya mwingine. Wa pili haoni sababu ya kutengeneza kisichomuumiza. Askari na polisi wanaifahamu hali hiyo kwa namna yao: aliye katika nyumba ya kazi leo aweza kuhamishwa mwezi ujao, na dari alilolinunua likabaki kwa mwingine. Kwa mtu wa namna hiyo yafaa zaidi yale yanayochukulika, kama globu, mapazia ya mafunjo na wavu wa madirisha, naye ayaache ya paa kwa mwenye jengo. Mpangaji anayekaa muda mrefu anaweza kuandikiana na mwenye nyumba: dari liwekwe kwa fedha ya mpangaji, na gharama yake ikatwe katika kodi kwa miezi iliyokubaliwa, karatasi ikitiwa sahihi mbele ya mashahidi. Mafundi wa Kigali hukubali kulipwa chumba kwa chumba. Aliye na fedha ya chumba kimoja aanze na kile wanacholala watoto.

Mabadiliko ya paa, kuta au madirisha huenda yakahitaji kibali, na ofisi za wilaya za Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge ndizo za kuulizwa kabla ya fundi kupanda ngazi. Wakati mwema wa kazi hiyo ni kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti. Ikifika Septemba mawingu huanza kukusanyika juu ya mlima Jali, na bei ya fundi wa paa hupanda nayo.